Sekunde Ishirini za Mpiga Ngoma

Muhula uliopita, katika mashindano ya nyimbo baina ya mabweni, bweni letu lilipata nafasi ya pili. Wimbo ulikuwa wangu. Maneno niliyatunga usiku saa ya masomo, na sauti nikazipanga kwa msaada wa kinanda cha kanisani. Lakini wote waliokuwapo ukumbini watakumbuka kuwa watu hawakusimama kwa ajili ya maneno yangu. Walisimama katikati ya wimbo, pale sisi waimbaji tuliponyamaza na kijana mmoja wa kidato cha tatu akabaki peke yake na ile ngoma ndefu, engalabi, akaipiga kwa muda usiozidi nusu dakika. Kipande kile sikumfundisha mimi, wala hakufundishwa na mtu. Hata hivyo, karatasi ya ratiba iliyogawiwa mlangoni ilikuwa na jina langu tu. Siku ya pili yake, tukiwa kwenye foleni ya posho na maharage, aliniuliza bila hasira yoyote, "Kaka, na mimi je?" Nikamjibu kwamba mtunzi ni mtunzi na mpigaji ni mpigaji. Jibu hilo lilinitosha kwa siku mbili hivi.

Likizo ilipofika nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu mjini. Mjomba ni mtu wa santuri. Anazo nyingi kuliko sahani za kulia, na hapana mtoto anayeruhusiwa kuzigusa. Jioni moja alitoa moja katika mfuko wake, akaipangusa kwa kitambaa, akaniambia nikae chini nihesabu, nisicheze. Jina lake ni In the Jungle Groove, yaani kama kusema "katika mdundo wa msituni". Ni mkusanyo wa nyimbo za James Brown wa Marekani, alizozinasa kati ya mwaka 1969 na 1971, nao ulitolewa na kampuni ya Polydor mwaka 1986. Nilihesabu kama nilivyoambiwa. Tangu jioni ile jibu langu la kwenye foleni limenikaa vibaya, na ndiyo sababu nimemwomba Bwana Mhariri nafasi hii, nieleze habari za santuri hiyo na za mtu mmoja aliyemo ndani yake ambaye jina lake wengi hawalijui.

Bwana Brown mwenyewe hahitaji maneno mengi. Alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la South Carolina, akakulia katika umaskini mkubwa mjini Augusta, Georgia, akafa siku ya Krismasi mwaka 2006. Wanafunzi wa zamani wa shule hii watamkumbuka kwa jambo jingine, kwamba mwezi wa Septemba 1974 alifika Kinshasa akaimba katika tamasha kubwa lililoandaliwa pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. (Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, pigano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, kwa hiyo wanamuziki walikuja, wakaimba na kwenda zao kabla mabondia hawajapigana.)

Lililo kubwa ni namna alivyougeuza muziki wa watu weusi wa nchi yake. Katika nyimbo zilizomtangulia, uzito wa mdundo uliangukia pigo la pili na la nne, na vyombo vyote vilikuwa watumishi wa sauti ya mwimbaji. Yeye, tangu mwaka 1965 na wimbo wake Papa's Got a Brand New Bag, alianza kuuhamishia uzito huo kwenye pigo la kwanza. Tena akafanya kila chombo kiwe kama ngoma. Gitaa halikutandaza tena sauti zake, bali lilikwaruza kipande kifupi na kukirudia. Besi nalo likawa na kipande chake, tarumbeta na saksafoni zikadonoa na kunyamaza. Aliyewahi kusikia amadinda ya Buganda, namna wapigaji wanavyojaziana nafasi hata msikilizaji asijue sauti hii imetoka kwa fimbo ya nani, hatapata shida kuuelewa muziki huu, ambao wenyewe huuita fanki. Kila mmoja hupiga kidogo, na utamu hupatikana katika kukutana kwao.

Sasa, muziki wa namna hiyo unamtegemea sana mpiga ngoma. Brown aliwapata wawili walio bora, akawa nao wakati mmoja: John Starks, aliyeitwa Jabo, mtu wa Alabama, na Clyde Stubblefield, aliyezaliwa mwaka 1943 mjini Chattanooga, jimbo la Tennessee. Huyu wa pili ndiye ninayemzungumzia. Hakusoma muziki darasani. Alieleza mwenyewe kuwa mdundo aliupata utotoni kwa kusikiliza mashine za viwanda na magari moshi ya mji wao. Nakiri kwamba jina la santuri hii silipendi sana kwa sababu hiyo. Huko ng'ambo watu wakisikia ngoma hukimbilia kutaja msitu, ilhali ngoma ya Stubblefield ilitoka kwenye reli na karakana.

Alijiunga na bendi ya Brown mwaka 1965. Ilikuwa bendi kali kuliko jeshi. Mwanamuziki aliyekosea sauti, aliyechelewa, au aliyepanda jukwaani na viatu visivyong'aa, alitozwa faini, na Brown alizitoza papo hapo, akicheza mbele ya watu na kuonyesha kiasi cha faini kwa vidole vya mkono. Watazamaji walidhani ni mbwembwe za dansi! Katika bendi hiyo Stubblefield alipiga ngoma za Cold Sweat mwaka 1967 na za Say It Loud mwaka 1968. Kisha ikafika tarehe 20 Novemba 1969.

Siku hiyo walikuwa mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, kwenye kampuni ya santuri iitwayo King. Kampuni hii ilikuwa na jambo lake la pekee. Ilianzishwa mwaka 1943, na chini ya paa moja ilikuwa na studio, mitambo ya kugandamiza santuri, mahali pa kuchapa mifuko yake na ghala ya kuzipeleka madukani. Wimbo ulionaswa asubuhi ungeweza kuwa santuri katika muda mfupi sana. Walichonasa siku hiyo hakikuwa hasa wimbo, kwa maana maneno ni machache. Mdundo mmoja unazunguka, Brown anagusa kinanda na kupiga kelele zake, Maceo Parker anapuliza saksafoni, na hivyo hivyo dakika zinapita. Karibu ya mwisho Brown anawatangazia wenzake kuwa anataka kumpa mpiga ngoma nafasi, nao watakapoashiriwa waache vyombo vyao. Anamwambia Stubblefield asijionyeshe, ashike tu kile alichokuwa nacho tangu mwanzo. Anahesabu, vyombo vyote vinakatika, na ngoma inabaki peke yake.

Hapa ndipo mjomba aliponiambia nihesabu, na nawaomba nanyi mfanye hivyo mtakapoisikia. Ngoma inakaa peke yake kwa mizunguko minane ya mapigo manne, jumla mapigo 32. Mwendo wa wimbo ni kama mapigo 101 kwa dakika, kwa hiyo kipande chote ni sekunde 19 na kitu. Mkono wa kulia uko juu ya matoazi mawili yaliyobandikwa kwenye mti mmoja, ambayo mguu wa kushoto huyafunga na kuyafungua. Mkono huo haupumziki, nao hugonga mara 16 katika kila mzunguko, yaani karibu mara 7 kwa kila sekunde, na mara moja moja mguu huyaachia matoazi yapumue kidogo kisha huyabana tena. Mkono wa kushoto uko kwenye ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake. Katika pigo la pili na la nne unapiga kwa nguvu, kila mtu anasikia. Lakini baina ya mapigo hayo makubwa mkono huo huo unagusa ngozi kwa wepesi, mara nyingi, kama mtu anayenong'ona huku mwenzake akisema kwa sauti. Mguu wa kulia unapiga ngoma kubwa, mzito katika pigo la kwanza, kisha unaingia mahali usipomtarajia. Mara ya kwanza sikuyasikia yale manong'ono. Mjomba alirudisha sindano mara tano ndipo masikio yangu yakafunguka, na baada ya hapo sikuweza tena kutoyasikia.

Stubblefield hakuona kuwa amefanya jambo la ajabu. Alisema baadaye kwamba hata wimbo wenyewe hakuupenda sana.

Wimbo huo, uliopewa jina Funky Drummer, ulitolewa mwezi wa Machi 1970. Hapa lazima nieleze jambo la ufundi, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini mkusanyo wa 1986 una thamani. Wakati ule nyimbo za kuuzwa upesi ziliwekwa kwenye santuri ndogo, zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, ambazo upande wake mmoja ulifaa kwa dakika tatu hivi. Lakini Brown na watu wake walipoanza kupiga mdundo walipitisha dakika saba, nane, tisa. Kampuni ikaukata wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na iliyozidi ikaachwa kwenye utepe ghalani. Santuri ndogo hiyo haikufanya makubwa. Ilifika nafasi ya 20 katika orodha ya muziki wa watu weusi, na ya 51 katika orodha ya watu wote. Haikuwekwa katika santuri yoyote ndefu. Mwaka 1971 Brown akahamia Polydor, na tepu zake za King zikaenda pamoja naye. Mwaka huo huo Stubblefield akaacha bendi, akahamia mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, kwenye baridi, akakaa huko. Kwa miaka 15 na zaidi, mtu aliyetaka kusikia zile sekunde 19 alipaswa kuwa na bahati ya kuiokota ile santuri ndogo katika masanduku ya wauza vitu vikuukuu.

Basi mwaka 1986 wakaguzi wa Polydor, wakiongozwa na Cliff White na Tim Rogers, wakazifungua tepu hizo. Mkusanyo walioutoa si kama ile mikusanyo ya kawaida ambayo kampuni huchukua nyimbo kumi zilizouzwa sana na kuziweka tena katika mfuko mpya ili kumtoza mteja mara mbili. Walitafuta yaliyofichika. Funky Drummer ikatolewa nzima, zaidi ya dakika tisa, bila kukatwa. Wimbo uitwao I Got to Move, wa mwaka 1970, haukuwa umetolewa kabisa hata siku moja. Kuna pia Talkin' Loud and Sayin' Nothing na Soul Power, zilizochanganywa au kuungwa upya.

Nami napenda kuliko zote ile Give It Up or Turnit a Loose. Wimbo huu ulikuwa umetoka mwaka 1970 katika santuri ndefu ya Brown iitwayo Sex Machine, ambayo ilidaiwa kuwa ya jukwaani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya santuri hiyo ilipigwa studioni, kisha makofi na vigelegele vya watu vikamwagwa juu yake, pamoja na mwangwi, ili mnunuzi adhani alikuwapo umati. Wakaguzi wa 1986 waliziondoa kelele hizo. Kilichobaki ni chumba kitupu chenye watu wachache wanaofanya kazi, na kila kitu kinasikika, ngoma za mkono, pumzi ya mwimbaji, na Stubblefield tena pale vyombo vinapokatika. Ni kama mtu aliyetoa rangi ya kuta akaikuta mbao nzuri chini yake. Wimbo huu nao ulikuwa na historia. Tangu mwaka 1973 na kuendelea, katika mtaa wa Bronx mjini New York, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alikuwa akiutumia katika dansi zake. Alikuwa na mashine mbili za santuri na nakala mbili za wimbo mmoja. Kile kipande cha ngoma kilipokwisha upande huu, alikianzisha upande ule, kisha akarudi tena, hata sekunde chache zikawa dakika nyingi. Vijana walicheza juu ya mdundo huo, na wengine wakasema maneno juu yake. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa muziki wa rapu.

Wenye mkusanyo walilijua hilo. Kwa hiyo wakaongeza kitu ambacho hakikuwapo mwaka 1969. Mchezesha santuri wa New York, Danny Krivit, alikichukua kile kipande cha ngoma za Funky Drummer, akakiunga na kukirudia kwa muda wa karibu dakika tatu. Kikawekwa katika santuri kama wimbo wa kujitegemea. Fikirini maana yake! Kampuni ilikuwa inamwuzia mteja ngoma ya Stubblefield, karibu tupu, ikijua kabisa kuwa hiyo ndiyo anayoitaka, na jina kubwa lililoandikwa juu ya mfuko ni la James Brown.

Wakati huo huo zikaja mashine mpya za kunasa vipande vya sauti. Iliyopendwa sana ni ile E-mu SP-1200, ya mwaka 1987. Kumbukumbu yake ilikuwa finyu ajabu, sekunde 10 tu kwa jumla. Hapa vijana wa New York walitumia hesabu ambayo mwalimu wetu wa fizikia angeifurahia. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Wao waliipiga kwa mwendo wa 45. Ukigawanya 45 kwa 33 na theluthi unapata 1.35, maana yake sauti inapita upesi kwa kiasi hicho. Mzunguko mmoja wa Funky Drummer, mapigo manne, unachukua sekunde 2.38, kwa mwendo wa haraka unachukua sekunde 1.76 tu. Wakaunasa hivyo, kisha ndani ya mashine wakaupunguza mwendo ukarudi ulivyokuwa. Kwa njia hiyo sekunde 10 za mashine zilibeba sekunde 13 na nusu za muziki. Sauti ilitoka na mkwaruzo kidogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na mkwaruzo huo nao ukapendwa.

Basi ngoma ya mtu wa Chattanooga ikaenea. Public Enemy waliitumia katika nyimbo zao, na ile Fight the Power ya mwaka 1989 ni mojawapo. Run-DMC waliitumia, LL Cool J aliitumia. Haikubaki kwa watu wa rapu peke yao. Sinéad O'Connor wa Ireland aliiweka chini ya wimbo wa kale wa maombolezo wa kwao, na George Michael wa Uingereza katika wimbo wake Freedom! '90. Leo nyimbo zinazojulikana kuwa zimechukua kipande hicho zimepita 1,000. Msomaji aliyekuwa na redio katika miaka hiyo amekwisha kumsikia Stubblefield mara nyingi bila kujua.

Alilipwa nini? Kwa nyimbo hizo zote, mrabaha wa kisheria haukumfikia. Jambo hili lilinishangaza, nikakaa nalifuatilia hata nikaelewa kuwa hakuna aliyevunja sheria ili asilipwe. Sheria yenyewe ndiyo iliyomwacha nje, na inafaa kueleza jinsi.

Wimbo ulionaswa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utungo, yaani sauti na maneno, na mwenye utungo ni yule aliyeandikishwa kuwa mtunzi. Funky Drummer iliandikishwa kwa jina la James Brown. Ya pili ni ule unasaji wenyewe, na huo huwa wa kampuni. Mpigaji aliyeajiriwa hupewa ujira wake wa kazi, na hadithi inaishia hapo. Tena sheria ya Marekani imezoea kuutambua utungo katika sauti ziimbwazo na maneno. Mdundo wa ngoma peke yake mara nyingi haukuhesabiwa kuwa utungo. Kwa hiyo Stubblefield hakuwa mtunzi kwa sababu alipiga ngoma, wala hakuwa mwenye unasaji kwa sababu aliajiriwa. Mlango wa tatu haukuwapo.

Tarehe 17 Desemba 1991 hakimu mmoja wa New York, Kevin Duffy, alitoa hukumu katika kesi ya mwimbaji wa rapu Biz Markie, aliyechukua kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini. Hakimu aliianza hukumu yake kwa ile amri ya Mungu inayokataza wizi. Tangu hapo kampuni ziliogopa, na vipande vikaanza kuombwa na kulipiwa. Mtu angedhani sasa mpiga ngoma atapata. La. Malipo yalikwenda kwa wenye mali zile mbili nilizozitaja. Huko Roma mwaka 1961 mataifa yalifanya mkataba wa kuwalinda waimbaji na wapigaji, lakini Marekani haikujiunga nao. Nchi zetu zimekuja kuweka sheria zenye fungu hilo. Tanzania mwaka 1999, nao kwa Kiswahili wakaliita hakishiriki, neno ambalo nalipenda, na Uganda mwaka 2006. Wapigaji wa bendi za hapa waulizwe kama wamekwisha kuyaona matunda yake. Mimi nimetaja sheria tu.

Mjomba hakukubaliana nami katika jambo hili, na ni haki nieleze hoja yake. Alisema kwamba bila Brown isingekuwapo bendi, wala studio, wala tarehe 20 Novemba. Brown ndiye aliyelipa mishahara, ndiye aliyejua wakati wa kunyamazisha vyombo, na ndiye aliyemwambia Stubblefield asibadili kitu. Mpiga ngoma mwingine angejionyesha, na kipande kisingefaa kitu. Hoja hii ina nguvu. Lakini Stubblefield alieleza kuwa mara nyingi mambo yalianza kwake: yeye akianza kupiga, besi likamfuata, gitaa likaingia, kisha Brown akaja na maneno. Kama ndivyo, basi neno "mtunzi" lilikuwa dogo mno kwa kazi ile, likamfunika mmoja likawaacha wengine mvuani. Mjomba akasema nimekwisha kuwa wakili. Tukaishia hapo, chakula kikaletwa.

Stubblefield mwenyewe hakuwa mtu wa kulalamika. Aliishi Madison zaidi ya miaka 40, akipiga ngoma kila Jumatatu usiku katika vilabu vya mji huo kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alitoa santuri yake na kuiita "kisasi cha mpiga ngoma" kwa lugha yao, jina la mzaha. Mwaka 2011 aliliambia gazeti la New York Times kwamba jambo la kutolipwa halikumnyima usingizi, ila aliona si heshima kutumia kazi ya mtu bila kumtaja wala kumlipa. Alipougua hakuwa na bima ya matibabu. Mwaka 2016, baada ya mwanamuziki Prince kufariki, Stubblefield alifichua kuwa Prince ndiye aliyemlipia kwa siri deni la hospitali la makumi ya maelfu ya dola. Figo zikamshinda, naye akafa tarehe 18 Februari 2017. Mwezi wa Mei mwaka huo Chuo Kikuu cha Wisconsin kikampa shahada ya heshima ya udaktari, naye hayupo kuipokea.

Niliporudi shuleni nilimwendea yule kijana wa kidato cha tatu. Nilimwomba anipigie tena kipande chake taratibu, nipate kukiandika kwa alama pamoja na wimbo. Alikataa kukipiga taratibu, akasema kikipigwa taratibu si chenyewe. Akakipiga kwa mwendo wake, nami nikatazama saa. Kilichukua sekunde 22. Wimbo wetu umechapwa katika ukurasa mwingine wa gazeti hili, na safari hii una majina mawili. Lake ndilo la kwanza, kwa kufuata alfabeti.